Mgeni wa Kiti cha Tumbawe

Kitendawili! Usinikodolee macho, itika. Haya, umesema tega, nami natega: Nilimkaribisha mgeni, nikampa kiti changu. Sasa yeye amekaa, na mimi mwenye nyumba nimesimama nje. Ni nani huyo?

Fikiri polepole. Ukishindwa utanipa mji, na Mombasa siitaki. Mombasa nimepewa na kila mvivu wa kufikiri, sina tena pa kuiweka. Kikunje tu hicho kitendawili ukitie mfukoni, maana mwaka wa pili wa uhuru kilipita soko zima la Kombani, kikagombanisha watu waliokuwa wakiamkiana vizuri, na kikamwacha msichana mmoja amekasirika miezi saba hali anapenda na anapendwa.

Msichana huyo ni Biasha, fundi wa cherehani. Alikaa barazani mwa duka la Kitsao, pale njia ya kupanda Kwale inapoachana na ya kwenda Diani. Alikuwa mwembamba, mrefu wa shingo, ana kipini cha fedha puani na kikuba cha asumini kifuani. Buibui lake alilishusha mabegani akishona, na leso aliyojifunga siku ile iliandikwa USINIPIMIE KWA FUTI YAKO.

Lakini Kombani hawakumjua kwa kushona. Walimjua kwa kutabiri. Miaka ile kulikuwa na hadithi ikitoka vipande vipande katika vijitabu, ikiitwa *Kiti cha Tumbawe*. Ilikuwa na miji tisa, mitano juu ya nchi na minne chini ya bahari. Malkia Zumaridi aliyenyang'anywa kiti na Waziri Kishindo. Ndugu yake Shababi aliyemsaliti kisha akajuta. Na Joka Makoa, mwenye magamba kama mabati. Mwandishi alijiita Bin Ajabu, na uso wake hakuna aliyeujua. Kila baada ya majuma mawili, Jumamosi, basi lilishusha furushi la vijitabu, na Biasha akawasomea wasiojua kusoma. Akishamaliza, alifunga kitabu, akafumba macho, akasema yatakayokuja. Alisema yaya wa Malkia ndiye mchawi, sehemu ya nne ikaja, ni kweli. Alisema Joka Makoa ni mama yake Malkia aliyerogwa. Mzee Mramba muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga birika. Sehemu ya saba ikaja, joka likalia machozi ya mama.

Jumamosi ya sehemu ya nane soko limefurika. Mihogo inachomwa, kuku wanapiga kelele matengani, na Biasha anasoma kwa sauti. Akaja kijana mmoja akitembea ubavu kama kaa, mgongo kaubandika ukutani.

"Salamu alaikum, fundi."

"Wa alaikum salaam. Subiri. Malkia yuko kinywani mwa joka."

"Na mimi niko kinywani mwa aibu, dada. Suruali imeraruliwa na msumari wa tenga."

"Imeraruka wapi?"

"Mahali ambapo siwezi kukugeuzia."

Baraza likaangua kicheko. Kache, muuza mihogo, shoga yake Biasha, akapaza sauti: "Mgeuze, Biasha, upate kipimo!"

Kijana alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi ikapigika, kofia ya kushona kwa mkono, na macho ya kucheka. Jina lake Suleiman Nzai, Mduruma wa Mackinnon Road, kazi yake Mombasa. Alikuwa anapanda Kwale kwa dadake. Biasha alimrushia leso ajifunge, akaendelea kusoma mpaka mwisho, kisha akafumba macho.

"Bawabu wa lango la mji wa tisa," akasema, "ni mwanamke."

"Si mwanamke," Suleiman akasema kutoka ukutani.

Watu wakageuka. Hakuna aliyewahi kumpinga Biasha mbele ya soko isipokuwa Mramba, na Mramba alikuwa ameshanyamaza tangu siku ya birika.

"Wewe umejuaje? Umekula sahani moja na Bin Ajabu?"

Kijana akaikaza leso kiunoni. "Nakisia tu. Mabawabu huwa wana ndevu."

"Nani kakwambia? Nyumbani kwenu mlango anafunga nani?"

"Mama."

"Basi kaa kimya, na suruali nipe."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Aliishona ile suruali kwa mshono mara mbili, na yule kijana akawa kila Jumamosi ana kishikizo kilichokatika. Kache alisema shati la mtu huyo limelaaniwa.

Sasa nikwambie asilolijua Biasha. Suleiman alikuwa mpanga chapa. Katika kiwanda kimoja cha Mombasa alisimama kutwa mbele ya sanduku la herufi za risasi, akaziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume, ndipo karatasi ilipokuja kusomeka. Na alichokuwa akikipanga ni *Kiti cha Tumbawe*. Wafanyakazi walikuwa wameapishwa wasitoe siri, kwa hiyo alimwambia Biasha anafanya "kazi za karatasi", akazificha ncha za vidole vyake, zilizokuwa nyeusi hata siku ya Idi.

Masika ile sehemu ya tisa ilikuja kiwandani kwa basi kutoka Msambweni, alikokaa mzee mwandishi, na karatasi ya mwisho ilikuwa imelowa chapachapa. Wino umekuwa uji. Msimamizi akapiga kelele kazi itoke kabla ya alasiri, na Msambweni kwa mzee hakuna simu. Suleiman akaitazama ile karatasi. Akaikumbuka ile sauti ya barazani. Akaokota herufi: *Bawabu akavua kilemba, na nywele zikamwagika hadi kiunoni. Alikuwa mwanamke.*

Jumamosi yake simu ya kuzungusha ya dukani kwa Kitsao ikalia, na Biasha akaikimbilia na uzi mdomoni.

"Suleiman! Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Bawabu ni mwanamke! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mahabuba."

"Sema tena."

"Ulisema."

"Si hilo. Lile la mwisho."

"Mahabuba."

"Na mimi nimesikia," ikaingia sauti ya tatu. Ni Jemima wa posta ya Kwale, aliyekuwa akiunganisha laini, na sikio lake halikuwa na likizo. "Dakika tatu zimekwisha. Mahabuba, weka simu."

Biasha alicheka mpaka akakaa chini. Na kile kicheko, wanangu, ndicho kilichomharibu Suleiman. Alitaka kukisikia tena.

Hata siku moja akamsindikiza Diani, kumpelekea mwenye hoteli mapazia. Suleiman kayabeba kichwani, mchanga unawachoma nyayo, Biasha mbele anacheza na ncha ya leso.

"Suleiman, nikikasirika nawe utajuaje?"

"Utanichoma sindano."

"Kwetu hatuchomi. Bibi yangu Mwanapili, babu akimkosea, hagombani mbele ya watoto. Anafunga fundo kwenye upindo wa leso. Babu akiliona wakati wa chakula, hali tena kitu. Anauliza, 'Hili la nini?' Naye anaambiwa. Akikiri, analifungua mwenyewe kwa meno."

"Kwa meno? Vidole vimekosa nini?"

"Kidole hakikukosa. Kinywa kilichokosa ndicho kifungue. Hii ni ya nyumbani kwetu tu, hata majirani hawaijui. Ningekuwa mimi Bin Ajabu, Shababi angefunguzwa mafundo saba namna hiyo kabla Malkia hajamsamehe."

Suleiman akayarudia maneno hayo moyoni, chini ya mapazia. Sehemu ya kumi haikulowa. Mwandiko wa mzee ulikuja safi, kila nukta mahali pake. Hiyo aliigusa kwa kupenda.

Basi likashusha furushi. Biasha akapanda kwenye kibao chake, soko likanyamaza, akasoma. Akafika ukurasa wa tisa. *Zumaridi akamnyooshea upindo wa leso, una mafundo saba. "Yafungue kwa meno," akamwambia nduguye. "Kinywa kilichokosa ndicho kifungue."*

Sauti ikakatika.

"Endelea!" Mramba akasema. "Kafungua?"

Biasha hakuendelea. Alikuwa anakitazama kile kitabu kama mtu aliyeikuta nguo yake ya ndani imeanikwa njia panda. Bibi Mwanapili alikuwa amekufa. Mama yake hakuwa msemaji. Chini ya mbingu hii alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.

Na mtu huyo akatokea, mkononi ana bajia katika gazeti, kofia kaiweka upande, anatabasamu kabla hajafika.

"Mbona kimya? Umetabiri sawasawa tena, laazizi?"

"Unafanya kazi gani, Suleiman?"

"Si nilikwambia, kazi za karatasi."

"Nionyeshe vidole."

"Biasha, watu wanatutazama."

"Nionyeshe vidole!"

Akavionyesha. Bajia zikaanguka. Biasha akaushika mkono ule, akaugeuza na kuukaza kwenye kitambaa cheupe cha mteja, ukaacha alama tano nyeusi.

"Ni wewe."

"Karatasi ilikuwa imelowa, Biasha. Wallahi, ile ya tisa ilikuwa imelowa."

"Na hii?"

Suleiman akatazama chini. "Hii haikulowa."

"Kwa hiyo Bawabu si wangu. Mafundo si yangu. Nimesimama hapa nikijisifu mbele ya watu hawa, kumbe wewe uko huko unaniachia, kama mtu mzima anavyomwachia mtoto bao ili asilie!"

"Nilitaka ufurahi!"

"Nani kakuomba? Mimi nilitolewa shule darasa la nne, wakaendelea kaka zangu ambao mpaka leo barua wanasomewa na mimi. Sina shamba, sina cheti. Nilikuwa na kitu kimoja changu, kuona mbele ya hadithi. Nacho umekichezea. Sasa hata yaya, hata joka, nitajuaje kama niliyaona kweli?"

"Yale uliyaona wewe! Wakati ule sikuwa nakujua!"

"Ulinidanganya kazi, nikuamini na hilo?"

Naye kijana, kwa kuwa alikuwa na makosa, akakasirika. Wenye makosa ndio hukasirika upesi. "Soko, soko! Unawapenda wapiga makofi wako kuliko mimi! Ningekuwa mbaya, ningekuibia. Mimi nimekupa!"

"Umenipa changu mwenyewe, tena bila ruhusa!" Akaushika upindo wa leso mbele ya macho yake, akafunga fundo. "Hili la kazi uliyonificha." Akafunga la pili. "Na hili la kuniachia bao. Sasa ondoka, kabla sijaisahau adabu niliyofundishwa."

Alipoondoka, Kache akaziokota bajia, akazipuliza mchanga. "Shoga, mimi sisemi neno," akasema, akala.

Sehemu ya kumi na moja ikaja nyembamba. Malkia anafika lango la mji wa tisa, nyuma yake jeshi, mbele yake kiti chake cha tumbawe kinaonekana kikimeta. Bawabu anamzuia kwa kitendawili, hicho hicho nilichokutegea wewe. Mgeni amekaa, mwenye nyumba nje. Ni nani? Malkia anafungua kinywa ajibu. Kitabu kimekwisha.

Majuma mawili yakapita, na basi halikushusha kitu ila magunia ya unga. Yakapita mengine mawili. Simu ikalia.

"Biasha, usikate."

"Sema."

"Mzee amegundua. Aliona sehemu ya tisa, akavumilia. Alipoona ya kumi akaiandika ile nyembamba ya kumi na moja, kisha akaja kiwandani mwenyewe. Nimefukuzwa. Na yeye amesema haandiki tena, hata herufi. Sehemu ya kumi na mbili haipo."

Biasha akaegemea ukuta. Hadithi ile aliyoiishi nusu mwaka imekatwa shingo, na kisu kilinolewa kwa maneno yake.

"Nakwenda Msambweni kumwomba radhi," Suleiman akasema. "Sitaondoka mpaka anisamehe. Lakini kabla sijaenda nina swali. Nilitaka kukuuliza kwa uzuri, na mshenga, na mkeka umetandikwa. Sina kazi wala sina uso. Biasha, utakubali nikuoe?"

Nje mbuzi alilia. Ndani ya simu zilisikika pumzi za watu watatu.

"Dada, mjibu," Jemima akanong'ona. "Laini inangoja."

"Jemima, toa sikio lako! Na wewe, Suleiman..." Hakusema naam, hakusema la. Akaitundika simu kwa nguvu mpaka Kitsao akashika kichwa. Kisha akafunga fundo la tatu, na hili hakujua amelifungia nani.

Siri ya Jemima ni maji kwenye tenga. Kabla ya juma kwisha, soko zima lilijua hadithi imekufa na sababu yake.

"Kwa mahaba yenu mmetuachia joka njiani!" Mramba alimfokea hadharani. "Mimi mtu mzima, nilitaka kujua mwisho nife!"

"Si mimi niliyechapa!"

"Ni wewe uliyesema! Haya, hicho kitendawili basi, tabiri! Mgeni ni nani?"

"Ni mkoloni," wakasema vijana. "Alipewa kiti, akakaa, wenye nyumba tukawa nje."

"Mkoloni keshaondoka!"

"Ameondoka, lakini kiti je? Kamwachia nani?"

Hapo palizuka ugomvi mwingine kabisa, wa mashamba ya pwani na nani kayachukua, mpaka wazee wawili wakanyimana kahawa. Wengine walisema Waziri Kishindo. Kila mmoja alimtazama Biasha, naye alifumba macho kama zamani, lakini nyuma ya macho palikuwa na moto mtupu. Hakuona kitu.

Miezi ikaenda. Akawa anamkasirikia Suleiman asubuhi, soko mchana, na alasiri anajikasirikia mwenyewe. Asumini aliacha kuvaa. Wateja wakaanza kupungua. Siku moja Kache akaja na kanzu mbili mkononi, akazimwaga juu ya cherehani.

"Hii umeitia mikono miwili ya kushoto. Na hii umeshona shingo."

"Umeshona shingo ndiyo nini?"

"Umeifunga, Biasha! Kichwa kitapita wapi?"

Biasha aliitazama kanzu isiyo na shingo. Akatamani kucheka, hakuweza, akafyatuka, "Ni kosa lao!"

"Lao nani? Hapa barazani uko wewe na cherehani. Nenda Msambweni, shoga. Nenda ukapigane nao huko, kwangu mimi mihogo inaungua."

Akaenda. Alivaa buibui jipya, na chini yake leso ileile yenye mafundo matatu. Njia nzima alijiambia haendi kwa ajili ya Suleiman. Anakwenda kuchukua jibu la kitendawili, alipeleke sokoni, amalizane nao wote.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya mawe ya tumbawe, ukuta umeliwa na chumvi. Aliyefungua mlango ni Suleiman, ndoo mkononi, amekonda, mikono ya shati kaikunja. Vidole vilikuwa vimetakata.

Wakatazamana.

"Sikuja kwako," Biasha akasema.

"Najua. Karibu."

"Usinikaribishe, si kwako."

"Ni kweli. Miezi mitano namtekea maji, namsomea magazeti, na bado hajaniambia nikae."

Ndani, kwenye kiti cha kamba, alikaa mzee mmoja mdogo wa mwili, kanzu safi, ndevu kama pamba, uso umekunjamana kwa ghadhabu. Hakuwa jitu wala mchawi. Alikuwa Mzee Abdurahman, karani mstaafu, na huyo ndiye Bin Ajabu. Kando yake palikuwa na kiti kitupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Biasha wa Kombani."

"Ahaa. Wa mafundo."

"Ndiye."

"Na Bawabu mwanamke alikuwa wako?"

"Alikuwa wangu. Lakini sikumtuma mtu amchape."

"Mimi nilimfanya mzee mwenye ndevu!" akafoka, akapiga mkono wa kiti. "Ndevu mpaka magotini! Nimewaandika mabawabu wenye ndevu umri wangu wote. Nilipofungua kitabu nikaona nywele zinamwagika, nilikitupa ukutani. Unajua kwa nini?"

"Kwa kuwa uliharibiwa kazi."

"Kwa kuwa wazo lilikuwa bora kuliko langu! Hilo ndilo lililonila. Na mafundo pia. Angeniharibia ningemsamehe siku ileile."

Biasha akakosa pa kuweka mikono. "Na yaya? Na joka?"

"Hayo ni mwandiko wangu, hakuna aliyeyagusa. Kama uliyaona, uliyaona mwenyewe."

Kitu kilichokuwa kimemkaba miezi saba kikalegea kidogo, naye akaogopa kikilegea zaidi atalia mbele ya watu. Akaikaza sauti. "Nimekuja kuchukua jibu la kitendawili."

"Wewe si mtabiri? Toa."

"Waziri Kishindo."

"Siye."

"Soko linasema mkoloni."

"Soko lina haki yake. Lakini siye. Nipe mji."

"Sikupi."

"Umeshindwa, nipe mji! Ndiyo ada."

"Nimetoka Kombani kuja kuchukua, si kutoa! Mmenichukulia vya kutosha, wewe na huyu!" Akageuka, akatoka, akaubamiza mlango nyuma yake.

Jua la Msambweni likamwangukia kichwani. Akasimama uani. Suleiman naye alikuwa amesimama kando ya pipa, ndoo mkononi, hathubutu kumsogelea. Dirisha lilikuwa wazi. Mle ndani mzee kabaki peke yake na kile kiti kitupu, midomo inamcheza. Biasha akautazama mlango alioubamiza yeye mwenyewe. Akakumbuka ile kanzu isiyo na pa kupitisha kichwa.

Akafumba macho. Safari hii aliona.

Akausukuma mlango. "Mzee, mji sikupi. Jibu ninalo. Ni hasira."

"Enhe?"

"Niliikaribisha mwenyewe, na ilikuwa na haki ya kuja, sikatai. Nikaipa kiti. Basi imekaa. Sishoni tena, sicheki, sioni mbele ya hadithi. Nimo nje ya nyumba yangu. Na wewe umo nje ya yako, huandiki. Na yule pale tangu masika hajakaa."

Mzee akachezea ndevu.

"Silo nililoandika," akasema mwishoni. "Mimi nilimwandika yeye." Akaonyesha nje kwa kidevu. "Nilimpa hadithi yangu aipange, akaikalia. Nilitaka aisome ajue ni yeye." Mabega yakaanza kumtikisika, Biasha akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Lako ni bora. Bora tena, binti we!"

"Utatupa nini ukutani leo?"

"Sina nguvu za kutupa. Suleiman! Acha ndoo hiyo. Njoo ukae."

Suleiman aliingia, akakitazama kile kiti kama anaonyeshwa Makka. Hakukaa. Alikuwa ameuona upindo wa leso.

"Hili la nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kazi uliyonificha."

"Nilikuficha. Nilikosa." Biasha akamnyooshea ncha ya leso, yeye kashika upande mmoja, na yule kijana akainama mbele ya mzee, akalifungua fundo kwa meno. Lilikuwa limekazwa hasa. Alitoa machozi.

"Na hili?"

"Kuniachia bao."

"Nilikuachia, nawe hukuwa na haja ya kuachiwa. Nilikosa." Akalifungua la pili, akatema uzi.

"Na la tatu?"

"Hilo si lako." Biasha akaivuta leso, akalitia fundo la tatu kinywani mwake mwenyewe. Mzee Abdurahman akajifanya anatazama dari. Lilipofunguka, Biasha akaukunjua upindo, akaunyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.

"Hilo ni la kinywa kilichoulizwa swali kwenye simu kikanyamaza, Jemima anasikiliza," akasema. "Jibu lake ni naam, Suleiman. Lakini sehemu ya kumi na mbili mzee ataiandika, mimi nitaitabiri, na wewe ukigusa hata nukta moja, nakushonea kanzu isiyo na shingo."